Wiki 5 za Albert Holland

Kati ya hukumu zote za Mahakama ya Juu ya Marekani zinazohusu wafungwa, ile ninayoirudia mara nyingi zaidi ni ya shauri la Holland dhidi ya Florida, iliyotolewa tarehe 14 Juni 2010. Haikuamua kama mrufani alitenda kosa au hakutenda. Iliamua suala la tarehe: ombi la habeas corpus, yaani la kutaka mahakama ichunguze uhalali wa kifungo, ambalo siku yake ya mwisho ilikuwa 13 Desemba 2005, na ambalo mfungwa aliliandika kwa mkono wake mwenyewe katikati ya Januari 2006. Kwa sababu ya wiki hizo 5, mtu aliyehukumiwa kifo aliambiwa na mahakama mbili, moja baada ya nyingine, kwamba hoja zake zote, ziwe za kweli au za uongo, hazitasikilizwa. Nimekuwa nikisaidia wafungwa kuandaa hati zao za rufaa, na ninaamini shauri hili linauliza swali ambalo kila nchi yenye magereza inapaswa kulijibu kwa uwazi. Mtu aliyefungiwa ndani, asiyeweza kwenda masjala ya mahakama kuulizia jalada lake wala kumwondoa wakili aliyepangiwa, bidii yake ipimwe kwa kipimo gani?

Niseme mapema kwamba Albert Holland si mtu ambaye umma ulikuwa na sababu ya kumpenda. Alitiwa hatiani kwa kumuua askari polisi huko Pompano Beach, Florida, mwaka 1990. Kesi ya kwanza ilitenguliwa, akashtakiwa upya, akatiwa hatiani tena na kuhukumiwa kifo. Familia ya askari yule ilikuwa imesubiri miaka mingi mwisho wa jambo hili. Ninalitaja hilo kwa sababu kutetea haki ya mfungwa kusikilizwa huku ukimsahau aliyeuawa ni kutetea nusu ya jambo, na kwa sababu kipimo cha utaratibu wa haki huonekana vizuri zaidi kwa mtu ambaye hakuna anayemwonea huruma.

Ombi la habeas corpus ni ombi linaloitaka mahakama imwamuru yule anayemshikilia mfungwa aeleze anamshikilia kwa uwezo gani wa kisheria. Lilikomaa Uingereza, ambako Bunge lilitunga sheria ya kulitilia nguvu mwaka 1679, na Katiba ya Marekani inakataza lisisitishwe isipokuwa wakati wa uasi au uvamizi pale usalama wa umma unapolazimu. Tangu mwaka 1867 mahakama za shirikisho za Marekani zimeweza kulitumia kuchunguza vifungo vilivyotolewa na mahakama za majimbo, na kwa zaidi ya karne moja hapakuwa na idadi maalumu ya siku za kuliwasilisha. Hali hiyo ilibadilika tarehe 24 Aprili 1996, Rais Bill Clinton alipotia saini Sheria ya Kupambana na Ugaidi na Kuipa Nguvu Adhabu ya Kifo. Ilikuwa mwaka mmoja na siku chache baada ya mlipuko wa Oklahoma City ulioua watu 168, na Bunge la nchi hiyo lilikuwa na hasira na haraka. Sheria ile ilimpa mfungwa wa jimbo mwaka 1 wa kuwasilisha ombi lake katika mahakama ya shirikisho, ukihesabiwa kwa kawaida tangu siku rufaa yake ya moja kwa moja ilipofika mwisho. Saa hiyo husimama wakati ombi la mapitio lililowasilishwa ipasavyo likiwa mbele ya mahakama za jimbo, kisha huendelea pale lilipoishia ombi hilo likimalizika.

Ukisoma maneno hayo ukiwa umekaa mezani mwenye kalenda, simu na mtandao, mwaka 1 unaonekana kuwa muda wa kutosha. Kwa Holland ulihesabiwa hivi. Tarehe 1 Oktoba 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa yake, na saa ikaanza kutembea. Siku 37 zilipita kabla Florida haijampangia wakili wa kumwakilisha katika hatua zote zilizofuata, za jimbo na za shirikisho. Wakili huyo alikaa na shauri siku 316 ndipo, tarehe 19 Septemba 2002, akawasilisha ombi katika mahakama ya jimbo. Saa ikasimama. Katika mwaka mzima uliotolewa na sheria, zilikuwa zimebaki siku 12.

Kilichofuata ni miaka 3 ya ukimya. Mahakama ya mwanzo ilikataa ombi Mei 2003, rufaa ikapelekwa katika Mahakama ya Juu ya Florida, na wakati wote huo wakili alimwandikia mteja wake barua 3 tu. Holland aliandika zaidi ya hapo. Alimwandikia wakili akiulizia hali ya shauri lake. Aliiandikia mahakama mara mbili akiomba wakili huyo aondolewe na apangiwe mwingine, akieleza kwamba mawasiliano kati yao yalikuwa yamevunjika kabisa. Aliwaandikia makarani wa mahakama akiulizia kinachoendelea. Alipeleka malalamiko kwa chama cha mawakili cha Florida, na malalamiko hayo yakatupwa.

Jibu alilopewa alipoomba kubadilishiwa wakili ndilo kiini cha shauri zima, na linastahili kusomwa polepole. Wanasheria wa jimbo walidai kwamba mfungwa mwenye wakili haruhusiwi kuwasilisha mahakamani hati yoyote kwa jina lake mwenyewe, hata hati ya kuomba wakili huyo aondolewe. Mahakama ya Juu ya Florida ikakubaliana nao. Maana yake ni kwamba mlango pekee ambao Holland angepitia kulalamika juu ya wakili wake ulikuwa ni wakili huyohuyo. Akinyamaza, kesho ataambiwa hakuwa na bidii. Akisema, anaambiwa hana ruhusa ya kusema kwa kuwa yupo mtu wa kusema kwa niaba yake, ilhali mtu huyo hasemi. Sijui mtu huru angefanya nini zaidi ya hapo, sembuse aliye katika jengo la wanaosubiri kifo.

Mwaka 2005, baada ya rufaa ya jimbo kusikilizwa mwezi Februari, Holland alimwandikia wakili barua za kumkumbusha kwamba ombi la shirikisho lazima liwahi, na kwamba saa ingeanza tena kutembea mara tu mahakama ya jimbo itakapomaliza. Alitaja hata kifungu cha sheria. Hakujibiwa. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Florida ilikataa rufaa, na tarehe 1 Desemba ikatoa hati ya kufunga shauri. Wakili hakumjulisha mteja wake. Siku 12 zilizobaki zikaanza kuhesabika, na tarehe 13 Desemba zikaisha huku mtu ambaye maisha yake yalizitegemea hajui kwamba zimeanza. Tarehe 9 Januari 2006 alikuwa bado anaandika barua nyingine akiulizia mambo yamefikia wapi.

Siku 9 baadaye, akiwa katika maktaba ya gereza, aliona mwenyewe kwamba shauri lake la jimbo lilikuwa limefungwa karibu wiki 7 nyuma. Aliandika ombi lake papo hapo na kesho yake akalituma kwa posta katika mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Kusini ya Florida. Siku hiyohiyo aliyolituma ndipo alipopokea barua ya wakili ikimwarifu kwamba alikusudia kuiomba Mahakama ya Juu ya Marekani iuangalie uamuzi wa Florida. Holland akamjibu kwamba ombi la namna hiyo halisimamishi saa ya mwaka mmoja. Wakili naye akajibu kwamba mwaka huo ulikuwa umeshapita hata kabla yeye hajapangiwa shauri. Katika hoja zote mbili mfungwa ndiye aliyekuwa sahihi kisheria, na wakili ndiye aliyekosea. Kila nikifika mahali hapo katika hukumu ninapata uchungu uleule, kwa kuwa mtu asiye na shahada, aliyekuwa na karatasi na rafu chache za vitabu, alikuwa akimfundisha sheria mtu aliyelipwa na serikali kuijua sheria hiyo kwa niaba yake.

Mahakama ya wilaya ilisema Holland hakuonyesha bidii ya kutosha na ikalitupa ombi. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 11 ilienda mbali zaidi. Ilisema kwamba uzembe wa wakili, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, hauwezi kamwe kusimamisha saa, isipokuwa mfungwa athibitishe nia mbaya, udanganyifu, mgongano wa uaminifu, ugonjwa wa akili au jambo la aina hiyo kwa upande wa wakili. Ingekuwa nafuu kwa Holland kama wakili wake angemdanganya. Kwa kuwa alimtelekeza tu, hakukuwa na dawa.

Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika maoni ya walio wengi, alianza na jambo lililoonekana la kiufundi lakini lenye uzito mkubwa: muda wa mwaka mmoja ni sharti la kawaida la ukomo, hauondoi mamlaka ya mahakama, na kwa hiyo majaji wanaweza kuusimamisha kwa misingi ya haki pale hali inapodai hivyo. Mahakama za rufaa 11 zilizokuwa zimelitazama swali hilo zilikuwa zimekubali vivyo hivyo. Masharti ni mawili: mfungwa aonyeshe kwamba alikuwa akifuatilia haki zake kwa bidii, na kwamba kulikuwa na jambo lisilo la kawaida lililomzuia kuwahi. Bidii inayotakiwa, Breyer akaandika, ni ile ya kiasi. Si ya juu kabisa inayowezekana kwa binadamu. Na kanuni ngumu ya Kanda ya 11 kuhusu mwenendo wa wakili ikaondolewa, kwa maelezo kwamba haki ya aina hii hukusudiwa kutazama shauri moja moja na haiwezi kufungwa katika orodha.

Jaji Antonin Scalia alipinga, na Jaji Clarence Thomas akamuunga mkono katika sehemu ya maoni hayo. Hoja yake si ya kudharauliwa. Bunge, alisema, lilikwisha kuorodhesha lenyewe hali ambazo saa husimama au huchelewa kuanza, kama vile mamlaka za jimbo kumzuia mfungwa isivyo halali, au ushahidi mpya kugunduliwa. Majaji hawana ruhusa ya kuongeza hali nyingine kwa kuwa tu moyo umewasukuma. Tena wakili ni mwakilishi wa mteja, na kosa la mwakilishi ni la aliyemtuma. Naikubali kanuni hiyo pale mtu alipomchagua wakili wake, anapoweza kumuuliza, na anapoweza kumwachisha kazi akichoka naye. Holland hakuwa na hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Alipangiwa, hakujibiwa, na alipoomba kuachana naye mahakama ilimkatalia. Kumwita wakili wa namna hiyo mwakilishi wa mteja ni kulitumia neno baada ya kuliondolea kila kilicholipa haki ya kutumika.

Ili kuona jinsi mlango ule ulivyo mwembamba, inatosha kutazama hukumu nyingine ya mahakama hiyohiyo iliyotolewa miaka 3 kamili kabla yake, tarehe 14 Juni 2007. Keith Bowles, mfungwa wa Ohio, alikuwa amekataliwa ombi lake la habeas corpus na akataka kukata rufaa. Sheria ilimruhusu jaji kumfungulia upya muda wa siku 14. Jaji alikosea na kuandika tarehe iliyompa siku 17. Bowles aliwasilisha rufaa yake siku ya 16, ndani ya muda aliopewa na jaji kwa maandishi. Kwa majaji 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilisema amechelewa, kwa sababu muda huo uliwekwa na sheria ya Bunge na unagusa mamlaka yenyewe ya mahakama, na jambo la mamlaka haliwezi kulainishwa na huruma. Jaji David Souter aliandika kwa niaba ya wanne waliopinga kwamba haivumiliki mfumo wa mahakama kuwatendea watu namna hii. Sijawahi kuona jibu la kuridhisha kwa sentensi hiyo. Tofauti kati ya Bowles na Holland, kwa mwanasheria, ni kwamba muda mmoja unagusa mamlaka na mwingine haugusi. Kwa mfungwa ni kwamba mmoja alimwamini jaji akapoteza, na mwingine hakumwamini wakili wake akapona.

Yupo pia Roger Keith Coleman wa Virginia, ambaye mawakili wake waliwasilisha taarifa ya rufaa katika mahakama ya jimbo siku 3 baada ya muda kupita. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kwa kuwa hakuna haki ya kikatiba ya kupewa wakili katika hatua hiyo, kosa la mawakili hao lilikuwa lake. Hoja zake za shirikisho katika rufaa ile hazikusikilizwa, na adhabu yake ya kifo ikatekelezwa Mei 1992. Mwaka 2006 kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba alikuwa na hatia kama baraza la wazee wa mahakama lilivyoamua. Wapo wanaolitumia jambo hilo kuonyesha kwamba siku 3 zile hazikuwa na madhara. Mimi silioni hivyo. Siku alipouawa hakuna jaji aliyekuwa na kipimo cha 2006 mkononi, na mahakama iliyokataa kumsikiliza haikukataa kwa sababu ilijua ana hatia. Ilikataa kwa sababu ya kalenda. Utaratibu uleule ungemfunika asiye na hatia bila kutofautisha. Mahakama yenyewe ililikubali jambo hilo kwa sehemu mwaka 2013, katika shauri la McQuiggin dhidi ya Perkins, iliposema kwamba mfungwa mwenye ushahidi wa kushawishi kwamba hakutenda kosa anaweza kupita hata kama mwaka wake umekwisha.

Msomaji wa Tanzania atayatambua mengi hapa bila kuambiwa. Kwetu, anayetaka kukata rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na kuwasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, na aliye gerezani hupitisha hati zake kwa mkuu wa gereza ili azifikishe mahakamani. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa kuonyesha sababu ya msingi, na mahakama humtaka aeleze kila siku aliyochelewa. Nimeona hati ambayo mfungwa aliitia dole gumba mapema ikifika masjala na kugongwa muhuri wakati muda umekwisha, na nimeona mtu akitakiwa kueleza siku ambazo karatasi yake ilikuwa mezani kwa mtu mwingine. Marekani ililitatua jambo hilo dogo mwaka 1988 katika shauri la Houston dhidi ya Lack. Prentiss Houston, mfungwa wa Tennessee aliyejiwakilisha mwenyewe, aliwakabidhi maofisa wa gereza taarifa yake ya rufaa siku ya 27 kati ya 30, lakini mahakama ikaipiga muhuri siku moja baada ya muda kuisha. Kwa majaji 5 dhidi ya 4 ilikubaliwa kwamba hati ya mfungwa wa namna hiyo ihesabiwe kuwa imewasilishwa siku alipowakabidhi maofisa wa gereza, kwa kuwa baada ya hapo hana tena uwezo wowote juu yake. Sioni sababu ya kanuni hiyo kutoandikwa wazi katika kila sheria ya rufaa ya Afrika Mashariki, pamoja na kitabu cha makabidhiano gerezani chenye tarehe na saini ya ofisa aliyepokea.

Holland alishinda hatua moja tu. Mahakama ya Juu haikumfungulia lango. Ilirudisha shauri chini ili mambo ya ukweli yachunguzwe kwa kipimo sahihi. Na kipimo chenyewe kimeacha watu wengi nje, kwa kuwa Breyer alikubali kwamba uzembe wa kawaida wa wakili, kama kukosea kuhesabu siku, hautoshi. Hilo lilikuwa limeamuliwa Februari 2007 katika shauri jingine la Florida, la mfungwa aliyeitwa Lawrence. Wakili wake aliamini kwamba saa ingeendelea kusimama wakati Mahakama ya Juu ikiombwa kuutazama uamuzi wa jimbo, kosa lilelile ambalo Holland alikuwa amemsahihisha wakili wake kutoka gerezani. Lawrence alidai kwamba kwa kuwa jimbo ndilo lililompangia wakili na kumsimamia, jimbo lisinufaike na kosa la wakili huyo. Majaji 5 walijibu kwamba lingekuwa jambo la kupotoka kulinyima jimbo faida ya ukomo wa muda kwa sababu tu lilikuwa jema kiasi cha kuwapa wafungwa mawakili.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na ninatofautiana nao kwa nguvu zote. Wema wa kumpa mtu wakili hupimwa kwa kazi anayofanya wakili huyo. Jimbo linalomchagua, linalomlipa, linalomkataza mfungwa kusema bila yeye na linalokataa kumbadilisha anapolalamikiwa, limejitwalia mamlaka yote juu ya uwakilishi huo, na mwenye mamlaka yote ndiye anayepaswa kubeba tarehe iliyopita. Sheria inaweza kulisema hilo kwa kifungu kimoja: pale mfungwa anapokuwa na wakili aliyepangiwa na serikali, na akawa ameomba kwa maandishi ama ombi lake liwasilishwe ama wakili abadilishwe, saa isihesabike dhidi yake mpaka apewe yeye mwenyewe, mkononi, nakala ya uamuzi unaoianzisha. Kwa kifungu hicho siku 12 za Holland zisingeanza kuhesabiwa kabla ya tarehe 18 Januari 2006, na ombi lake, lililotumwa kesho yake, lingekuwa limewahi kwa angalau siku 11.